Salamu Zilizojaza Diski

Diski ya kompyuta yangu ilianza kugonga Jumanne moja asubuhi, nikiwa katikati ya kadi ya harusi. Tak, tak, kimya, tak. Aliyewahi kuisikia sauti ile anajua maana yake: kile kisanduku cha chuma kinachotunza kila ulichohifadhi kiko njiani kukata roho. Mteja wangu, bibi harusi mwenyewe, aliniuliza kama ni panya. Nikamwambia ndiyo, ni panya, arudi mchana.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, bidhaa zilipoanza kumiminika mpaka kwetu milimani. Lushoto mjini, kwenye barabara moja, ungepata televisheni iliyotumika Ulaya, koti la mtumba la kukinga baridi, na plamsi zilizochumwa asubuhi hiyohiyo. Mimi niliacha kazi ya ukarani serikalini nikafungua chumba cha kuchapa, chenye kompyuta moja ya mtumba na viti viwili. Baba hakulipenda jambo hilo. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na kwake yeye kazi ni ile yenye faili na pensheni. Hakunigombeza. Alisema tu, "Haya," na "haya" ya baba yangu iliweza kunikaa tumboni mwezi mzima.

Baadaye akaja na kanda zake. Kwa miaka mingi alikuwa akipanda na kushuka milima na kinasa sauti kidogo, akiwauliza wazee kwa Kishambaa kijito hiki kiliitwaje zamani, bonde lile nani alilifyeka wa kwanza. Kanda zilikuwa zimechoka, zinalia kama paka. Nikaunganisha kinasa na kompyuta kwa waya, nikazihamisha zote, saa ishirini na ushei za maneno, spika nimezima, huku nikiandika barua za watu kwa mkono. Tangu hapo kila Ijumaa baada ya swala alikuja, akavua viatu mlangoni ingawa nilimwambia si lazima, akavaa spika za masikioni, akamsikiliza mzee mmoja, akaondoka.

Na kanda zenyewe je? Baba si mtu wa kuacha kitu kikae bure. Alipoona sauti zimeshaingia kwenye kompyuta, alizichukua kanda zilezile akarekodia mawaidha ya Ramadhani kutoka redioni. Zote, hakubakiza hata moja. Kwa hiyo wale wazee, ambao nusu yao tulikwisha kuwazika, hawakusikika popote tena duniani isipokuwa ndani ya kisanduku kile kilichokuwa kinagonga.

Nilimpigia simu fundi wa Tanga aliyekuwa akiniuzia vifaa. Akasema nisiiwashe ovyo, na kwamba dawa ni moja tu: kuinakili diski nzima kwenye nyingine kabla haijafa.

"Ila nina ndogo, dada. Yako ni gigabaiti kumi, hii ni sita. Ukitaka kubwa subiri ya Dar, wiki mbili."

Baada ya wiki mbili tungekuwa tumeshaisomea hitima diski yangu. Nikamwambia aitume hiyohiyo na basi.

Jumatano mchana nikaipokea, imefungwa kwenye taulo. Nikaichomeka kando ya ile mgonjwa, nikatia flopi yenye programu ya kunakili. Programu ikanijibu kavu kabisa kwamba vitu ni vingi kuliko nafasi. Ilikuwa sawa na kumimina debe la maharage kwenye kisado. Nikaanza kufuta. Michezo ya karata, nje. Picha za mandhari, nje. Taarabu zangu, ambazo nisingemwachia hata dada yangu wa tumbo moja, nikazifuta jicho moja nimefumba. Bado. Sauti za wazee zenyewe tu zilipita gigabaiti saba.

Ndipo nikakumbuka salamu. Kwetu huendi kwa mzee ukamwuliza jina la kijito. Unamwamkia. Anakuitikia, anauliza umeamkaje, mama watoto je, watoto mmoja mmoja, mbuzi, maharage, mvua, baridi. Akimaliza yeye, unaanza wewe. Na baba alikuwa akibonyeza kitufe cha kurekodi tangu kizingitini, kwa sababu aliona ni utovu wa adabu kuchomoa mashine katikati ya mazungumzo. Kila mzee, basi, alikuwa na dakika kumi, wengine kumi na tano, za salamu tupu kabla ya neno moja la historia. Nikapiga hesabu. Tukizikata, wazee wote wanaenea.

Nikapanda kwa baba, nikamwamkia, nikamweleza.

"Ukate salamu," akasema.

"Salamu tu, baba. Maneno yao yote yatabaki."

"Kwa hiyo mtu afike kwa mzee wa watu, hata hodi hajapiga, aanze, eti kijito hiki kinaitwaje."

"Baba, diski inakufa."

"Haya," akasema, akarudi kwenye kahawa yake.

Nilishuka ule mlima nikiongea peke yangu mpaka mama mmoja mwenye kuni akanipisha njia. Ubishi wa walimu ninaujua, nimelelewa nao, lakini siku ile ulinichosha. Akili iliniambia nikisubiri ruhusa tutapoteza vyote. Alhamisi asubuhi nikafunga mlango, nikaanza kukata bila idhini yake.

Lakini huwezi kukata bila kusikiliza, lazima ujue salamu zinaishia wapi. Mzee wa kwanza anauliza watoto. Baba anajibu: wa kwanza yuko jeshini, huyu wa pili, binti, yuko darasa la saba, mkaidi lakini hesabu anaziweza. Nikacheka, nikakata. Mzee wa pili anauliza yaleyale. Baba anasema binti kaenda sekondari, na nyumba imepoa kwa sababu hakuna wa kubishana naye. Nikairudisha nyuma nikaisikia tena, nikakata. Wa tatu, wa nne, wa tano. Kumbe ndani ya salamu zile tulikuwamo sisi: homa ya mama na kupona kwake, siku tulipoezeka bati, kaka yangu kuoa, mimi kuajiriwa. Historia ya milima ilikuwa inaanza pale salamu zilipoishia, lakini ya kwetu ilikuwa inaishia palepale.

Kisha nikafika kwa bibi mmoja wa Mlalo. Sauti yake nyembamba, inakwenda mbio. Akauliza, "Na yule binti yako karani?"

Nikasogeza sikio kwenye spika. Niliujua wakati ule. Ulikuwa ule mwezi wa "haya".

Baba akakohoa. "Kaacha ukarani. Kafungua chumba chake cha kompyuta pale mjini. Mimi ningeogopa. Yeye haogopi. Watu wanapanga foleni."

Foleni gani? Nilikuwa napata wateja wawili kwa siku, na mmoja wao alikuwa anakuja kuuliza saa.

Bibi akauliza, "Umemwambia hivyo?"

"Nimemwambia 'haya' tu," baba akasema.

Nililia pale kitini, nasema ukweli, na nililia kwa furaha. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, na nafsi yangu ilikuwa inayasubiri maneno yale tangu darasa la saba. Na nilikuwa nimeshika mkasi. Alhamdulillahi, nilikuwa bado sijahifadhi mabadiliko, hivyo salamu zote nilizokata zilirudi mahali pake.

Nikaketi nikitazama skrini. Sauti ya yule bibi ilichorwa kwa mistari miwili yenye vilima, mmoja juu na mmoja chini. Wa juu ni wa spika ya kushoto, wa chini ni wa kulia. Nilikwisha kuitazama mara mia bila kuiona. Vilima vya juu na vya chini vilikuwa vilevile. Kinasa cha baba kilikuwa na kipaza sauti kimoja tu, na mimi niliyejiita fundi nilikuwa nimemhifadhi kila mzee mara mbili.

Kazi ikawa kuwarudisha kwenye mstari mmoja, mmoja baada ya mwingine, huku diski ikigonga na mimi nikiibembeleza kwa maneno ambayo sijawahi kumwambia mume wangu. Gigabaiti saba zikashuka zikawa tatu na nusu. Ijumaa asubuhi nikaitia tena ile flopi. Programu haikunung'unika. Asilimia zikapanda polepole, na mwadhini alipoanza kuadhini adhuhuri, zilifika mia. Nikachomoa diski ya zamani, nikawasha mashine kwa ile ndogo. Kila kitu kilikuwamo, hata kadi ya harusi iliyokuwa haijamalizika.

Baba alikuja baada ya swala, akavua viatu.

"Wote wamo?"

"Wote wamo."

"Na salamu?"

"Na salamu."

Akanitazama. "Umesikiliza."

"Kidogo tu, baba."

"Haya," akasema, akavaa spika zake za masikioni. Na mimi kwa mara ya kwanza nikaisikia ile "haya" kama yule bibi wa Mlalo alivyoisikia.

Wiki chache baadaye alinitaka nimsindikize Mlalo, kwa bibi yuleyule, kuna jina la kijito lilikuwa bado linamsumbua. Kinasa nilikishika mimi, nikakiwasha tangu kizingitini. Nikamwamkia bibi, akaniitikia, akanikagua toka kichwani mpaka miguuni.

"Ndiye huyu wa kompyuta?"

"Ndiye," baba akasema.

"Ulishamwambia?"

Baba akakitazama kinasa mkononi mwangu, akaona taa ndogo nyekundu inawaka.

"Namwambia sasa," akasema. Halafu akamuuliza habari za mbuzi.