Damu Niliyodhani ni ya Ng'ombe

Watu huniita Baba Sein. Kazi yangu ni kununua mbuzi na ng'ombe Mashuuru na kuwaleta Kitengela. Nilikuwa mtu mwenye afya, au nilijidanganya hivyo. Goti lilinisumbua kwa kutembea sana, basi nikawa nameza vidonge vya maumivu vya dukani, mara nyingi tumbo likiwa tupu. Tumbo likichoma, nilikunywa maziwa nikasahau.

Kisha wanaume wa rika langu tukaenda orpul, ile kambi yetu ya porini ambako tunachinja, tunakula nyama na kunywa supu ya mizizi mpaka mwili urudi. Wanawake hawafiki huko. Tulikunywa pia damu ya ng'ombe. Aliyekunywa damu anajua choo chake kitatoka cheusi, na wala hashtuki.

Nilirudi nyumbani choo kikiwa cheusi kama lami, kinanata, na harufu yake ilinishinda hata mimi mwenyewe. Nikajiambia ni ile damu ya orpul. Siku zikapita, hali ni ile ile. Mke wangu Wanjiku, mtu wa Nyeri asiyejua kunyamaza, akanikuta nimeegemea ukuta wa choo, nimelowa jasho.

"Baba Sein, hii harufu ni ya nini?"

"Ni ile damu ya ng'ombe."

"Hiyo ng'ombe mlimaliza wiki jana! Hii damu ni yako."

Nilitaka kumjibu. Badala yake nikatapika vitu vyeusi kama majani ya chai, kisha damu nyekundu, nikaanguka miguuni pake.

Hospitalini Kitengela walinitundikia maji na damu, wakanikimbiza Nairobi. Huko nikaingizwa kamera kupitia mdomoni. Daktari, mama mmoja mpole, alisema nina kidonda tumboni na mshipa ndani yake unavuja. Akaudunga sindano, akaubana, ukatulia. Kesho yake nikatapika damu tena. Kamera ikarudishwa, lakini safari hii damu ilikuwa imejaa hata hakuona kitu. Akaitoa.

"Kamera imeshindwa," alimwambia Wanjiku.

Mke wangu, ambaye hajawahi kukosa neno, akaangua kilio. Hapo nikajua nakufa. Niliogopa sana, sioni haya kusema.

Daktari akanishika bega. "Mzee, kamera ndiyo imeshindwa, sisi bado. Kuna njia mbili. Tunaweza kupitia mshipa wa hapa kwa kinena na mrija mwembamba, tufike kwa ule unavuja, tuuzibe kutoka ndani. Hiyo ikikataa, tunafungua tumbo tushone."

"Hiyo ya kwanza inauma?"

"Kidogo tu. Lakini utakuwa macho."

"Na mimi naweza kuwa hapo?" Wanjiku akauliza.

"Hapana, mama. Utangoja nje ya mlango."

"Basi nitaomba kwa sauti."

Walinitia ganzi kinenani. Nilihisi mrija ukisukumwa, si maumivu, ni kama mtu anakuvuta nguo. Walipoingiza dawa ya kuonyesha mishipa, joto lilinienea tumbo zima. Nje nilimsikia Wanjiku akimkaripia mtu. Nadhani alikuwa Mungu. Nikalia kwa kumpenda.

"Imezibika," daktari akasema.

Nililazwa chali, mguu umenyooshwa, wauguzi wakinichungulia kila mara. Wenzangu wa orpul walitoka Mashuuru kuja kunitolea damu. Baadaye nilipimwa nikakutwa na vijidudu vinavyoleta vidonda vya tumbo, nikapewa dawa nikazimaliza zote. Vidonge vya goti nimekatazwa kabisa.

Namshukuru Mungu, na yule daktari, ashe oleng, asante sana. Nawe unayesoma, usimeze dawa za maumivu kiholela. Choo kikiwa cheusi na kinanata, usitafute sababu, tafuta hospitali. Na mgonjwa wako akiambiwa kamera imeshindwa, usianze kulia. Uliza njia iliyobaki.

Sasa kila asubuhi Wanjiku ananiuliza choo kilikuwa rangi gani. Mwanzoni niliona aibu, mzee wa Kimaasai haulizwi mambo hayo. Siku hizi namjibu hata mbele ya wageni, na nikichelewa kujibu, namwona anavyoacha kupumua.