Kishikio cha Randa ya Baba Mkwe

Laiti ningemkatalia shemeji yangu, kaka wa mke wangu, siku ile alipokuja kwetu mtaa wa Mutanga na randa ya marehemu baba yake, imefungwa kwenye kitambaa. Alitaka niifanye iwe kama mpya, aiweke sebuleni kwenye nyumba yake ya Kinindo, wageni waione. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Nilikuwa nimestaafu, na chumba cha nyuma kilijaa randa ambazo mafundi walizitupa walipopata mashine. Nyingi nilizipata kwenye karakana zilizofungwa kule Zone Industrielle, eneo la viwanda. Moja ilikuwa na tumbo la mviringo, ya kulainisha mbao za mapipa. Nyingine ilikuwa ndogo kama kiberiti, ya mtengenezaji wa magita. Chuma nilikilaza kwenye maji ya ndimu mpaka kutu ilegee, mbao nikazipaka mawese na kuzisugua. Mke wangu alipenda kuja kukaa humo jioni. Alinitania kwamba ameolewa na fundi asiyejua kutengeneza hata kigoda.

Kwa randa ya baba yake hakuwa na utani. Mzee alikuwa seremala mtaa wa Buyenzi. Kishikio alikichonga mwenyewe, na kwa miaka aliyoisukuma, kidole gumba chake kilichimba bonde kwenye mti, jeusi kwa jasho. Hakupenda kupigwa picha; hakuacha hata moja. Mke wangu alipokuwa mtoto, baba yake alikuwa akimwekea gumba kwenye bonde lile, anaufunika mkono wake kwa wa kwake, wanasukuma pamoja. Alipoiona randa mezani kwangu, aliingiza gumba humo.

“Utoe kutu tu,” aliniambia. “Apa usiguse.”

Nikamjibu nimesikia.

Kishikio kilikuwa na ufa. Kila nilipokitazama niliona kitu kibovu juu ya randa nzuri. Shemeji alitaka ing'are, nami nikajificha nyuma ya maneno yake, ingawa hamu ilikuwa yangu. Asubuhi moja mke wangu alipokwenda sokoni, nilichonga kishikio kingine kwa mbao nyekundu ya libuyu, laini, bila alama. Kile cha zamani nilikitia kwenye mbabula pamoja na makaa, nikachemshia chai. Ndivyo nilivyofanya na kila kipande kibovu.

Aliporudi aliweka kikapu chini na kunyoosha mkono kwenye randa. Gumba likateleza. Likatafuta tena.

“Ile ya zamani iko wapi?”

Nikamwonyesha mbabula kwa kidevu. Hata hapo ningeweza kuomba msamaha. Nilimwambia kile kilikuwa kimeoza, hiki ni kizuri zaidi.

“Muzuri kwa nani, we muzee?”

Alichukua kijiko akachokoa majivu, taratibu, mpaka chini. Kisha akaenda kuosha kijiko.

Shemeji aliipokea randa yake akafurahi, hakuona kilichobadilika. Mke wangu hakunigombeza. Aliendelea kunipikia na kuniuliza kama nimekunywa dawa. Lakini chumba cha nyuma hakukiingia tena, na utani uliisha. Nikitaka kumshika mkono aliuondoa polepole, kama mtu aliyekumbuka sufuria jikoni. Msamaha niliuomba nikiwa nimechelewa sana. Aliniambia yamekwisha, akaendelea kuchambua maharagwe.

Alipougua alimwita kaka yake. Nilisogeza kiti karibu na kitanda, naye akaupeleka mkono wake upande wa pili, alikokaa kaka yake. Alikata roho wakiwa wameshikana hivyo, mimi nimesimama mlangoni.

Randa zangu zote ninazo bado, zimepakwa mawese. Mke wangu nilimpoteza asubuhi ile ya mbabula, na miaka yote iliyofuata, hadi tulipomzika, niliishi nyumba moja na mtu aliyekuwa ameshaniacha.