Kamionete ya Kulala Kilwa

Nilikuwa wa pili kwenye mulongo wa bantu ku biro ya kugawa nyumba, na masikio yangu, muji muzima unajua, hayapitwi na neno. Mbele yangu fundi wa mbao aliomba nyumba kubwa: yeye, bibi yake na batoto bane banalala mu chumba kimoja.

«Chumba kimoja inatosha,» Muzungu wa biro alijibu bila kuinua kichwa. Alipokiinua, akamutambua. «Ah, fundi. Ile kamionete yangu unayoitengenezea kijumba cha kulala kule ziwani Kilwa, ongeza nafasi. Madame anasema tuko bantu bane, siku tatu, tutakosa pumzi. Na bei isipande.»

Fundi akafungua mita yake ya kupimia, akaitazama, akaikunja polepole.

«Bwana, inatosha.»

Nyumba hakupata. Lakini kule Kilwa, nasikia, Bwana alilala inje.