Sakafu ya Moto kwa Mama

Laki tatu na elfu sabini. Nimezihesabu mara mbili na zimegoma kupungua. Hiyo ndiyo gharama ya sakafu ya moto, na sakafu yenyewe, mpaka naandika haya, ni baridi kama tumbo la chura.

Mimi nauza mbao Makambako. Mama anaishi Njombe, peke yake, kwenye nyumba niliyomjengea. Marumaru za chumba chake nilizichagua mwenyewe, nyeupe, za kung'aa, nikambana muuzaji mpaka akaacha kunisalimia. Sikujiuliza miguu ya mzee itazikanyagaje mwezi wa saba. Mama hakulalamika. Aliingiza jiko la mkaa chumbani, akafunga dirisha na mlango, akalala. Alfajiri jirani yake, bibi wa nyumba ya pili, akamkuta amelegea, hajui yuko wapi. Alipotoka hospitali, daktari alituambia mimi na dada yangu kwamba mkaa usiingie tena chumbani, na moshi wa kuni nao kifua chake hakiuwezi.

Nikaanza kutafuta joto lisilo na moshi. Fundi umeme mmoja wa Makambako akaniambia kuna waya unaolazwa chini ya marumaru, ukiwashwa sakafu nzima inapata joto. Aliwahi kuuweka kwenye nyumba moja ya wageni. Mimi sinunui gunia bila kutia mkono ndani. Nikalipa chumba elfu arobaini, nikavua soksi, nikalala sakafuni. Mhudumu aliyeleta chai akauliza kama kitanda kina kasoro. Nikamwambia kitanda sikukifuata. Joto lilikuwa la kweli, linapanda polepole mgongoni. Nililala pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nikimuwaza mama na lile jiko lililozimika pembeni yake.

Fundi alitaka milioni moja na laki tisa. Tukafika milioni moja na laki sita.

"Kaka, hapo umenivua shati," akasema.

"Kwa baridi hii ungeshakufa. Andika."

Nikampa elfu thelathini ya kwenda kupima chumba, na laki tatu za kuagizia waya.

Jumapili, baada ya ibada, nikamweleza mama, dada akiwepo. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza umeme ukikatika itakuwaje, nikamjibu kwamba sakafu hushika joto kwa muda. Akauliza ni nani atakayenunua huo umeme iwapo mimi ndiye nitakayetangulia kufa. Dada akacheka, akaona amecheka peke yake. Kisha mama akasema anachotaka ni kurudi kulala jikoni, kile kibanda cha udongo cha nyuma alimokuwa akilala kabla sijamjengea nyumba, kando ya moto wa kuni. Nikamkumbusha maneno ya daktari.

"Daktari anajua kifua," akasema. "Wewe unajua jirani alifuata nini kwangu alfajiri ile?"

Sikujua. Sikuwahi hata kuuliza.

Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto. Kila alfajiri mmoja wao huwasha moto, na mwingine huja na kipande cha chungu kuomba kaa. Viberiti wanavyo wote wawili. Lakini tangu walipofiwa na waume zao wanaombana moto, zamu kwa zamu, ili kila mmoja ajue mwenzake ameamka. Siku ile jirani alikuta mafiga ya baridi. Ndipo akazunguka dirishani, akaita, akasukuma mlango.

"Sakafu yako ni nzuri, mwanangu. Ila kwenye hiyo sakafu atakuja kuomba nini?"

Dada akadakia kwamba mama alale ndani kwenye joto, na alfajiri aende jikoni kuwasha moto kama kawaida. Mama akamtazama.

"Mtu aliyelala pa joto haamki kwenda kwenye baridi kuwasha moto asiouhitaji. Leo ataamka, kesho ataamka. Keshokutwa atasema jirani atumie kiberiti chake. Na mimi ni mtu."

Nimezoea kupatana na watu wanaotaka kitu changu, na mama hakutaka chochote nilichokuwa nacho.

Tangu Jumapili hiyo analala jikoni. Napiga simu kila jioni. Ananiambia jirani kaja, jirani hajambo, na kati ya maneno nasikia kikohozi chake kinavyozidi kushuka kifuani. Jana fundi alipiga pia. Waya utaondoka Dar Ijumaa, na ukishaondoka hela hairudi.

Wewe uliyewahi kumtunza mzazi kwenye baridi ya huku, nakuomba ushauri, na safari hii bei yoyote utakayotaja sitaipunguza: nimrudishe mama ndani, apumue vizuri, alfajiri pasiwe na wa kumgongea, au nimwache na moshi unaommaliza, pamoja na mtu pekee atakayejua siku ambayo hakuamka?