Mukono Uliokataa Kuwa Ngumi

Mi ni Mama Wilondja, wa Mboko. Mbele sijasema kitu, muangalie kwanza mukono wangu wa kuume. Musione haya. Ngozi imekunjamana, kidole cha mwisho kimepinda, na hapa katikati rangi ni ingine, maana ngozi hii ilitolewa kwenye paja langu. Sasa muone: nafunga, nafungua, nafunga, nafungua. We uliye pale kitandani na bandeji mpaka kwenye kiwiko, nililala kama we. Batu baliniambia mukono umekufa. Haukufa.

Zamani nilikuwa mupakaji wa nyumba. Kwetu kusimamisha miti ni kazi ya banaume, lakini kupaka udongo ni kazi ya bamama. Unachukua udongo wa kichuguu, unaukanyaga na maji, unaupaka kwa kiganja, kisha unapitisha vidole juu ya ukuta na vinaacha mistari. Kila mama iko na mistari yake. Noeli ikikaribia tunapakaka upya, na udongo mweupe juu. Ungepita Mboko wakati ule ungejua ukuta gani nimepaka mi. Nilikuwa na majivuno, siwafichi.

Vita ilipokuja mara ya pili, siku moja nilikuwa uani napika mawese. Mafuta ya mawese ikiiva inatulia, haikuonyeshi moto wake. Risasi zikaanza kulia upande wa barabara. Batu bakakimbilia mulimani wakipitia kwangu, mumoja akagonga jiwe la mafiga, sufuria ikainama. Nikanyoosha mukono kuikamata. Musiniulize akili ilikuwa wapi. Mafuta ikanimwagikia kiganja kizima na vidole vyote, nikaifuta na nguo, ngozi ikatoka nayo.

Tulijificha porini. Mama mukwe wangu, mutu wa huruma sana, alinimwagia unga wa muhogo juu ya kidonda. Akaweka jani la mugomba. Halafu akasema, "Funga ngumi, binti yangu. Ikifungwa haiumi." Akaikaza na kipande cha kitenge. Na kweli, iliuma kidogo tu. Ndivyo tunafanyaka sote kwetu, kila mukono ulioungua unafungwa ngumi. Unga ukaoza ndani ya kidonda. Usaha ulitoka, harufu yake ilinifukuzia usingizi, batoto walikataa kulala karibu yangu. Kitenge kilipotolewa mwishoni, kidonda kilikuwa kimepona na vidole vimeshikana na kiganja. Nikavuta. Hakuna hata kimoja kilichosogea.

Tuliporudi nyumbani, nyumba yangu ilikuwa imechomwa. Nilisimama mbele ya miti myeusi, na ngumi yangu, nikajua siwezi hata kuipaka tena. Hapo ndipo nililia. Siku ya mafuta sikulia.

Nilikaa na ngumi ile muda murefu. Kusuka nywele, hapana. Kutwanga sombe, majani ya muhogo, hapana. Bwana yangu Asende alikuwa ananifungia kitenge kiunoni kama mutoto. Tuliposikia kuna banganga ba upasuaji bamefika hospitali ya Baraka, alinipakia juu ya kinga, baiskeli yake, akasukuma njia nzima.

Munganga alizungusha ngumi yangu akasema, "Nitakata kovu na nitabandika ngozi ya paja. Hiyo ni kazi yangu. Kufungua vidole kila siku ni kazi yako. Kovu linavutaka. Ukiliacha, ngumi itarudi, na mara ya pili sitaweza kukata, mishipa itakwisha."

Alikata. Kisha akaja infirmiere mumoja, muuguzi Anyesi, mwanamuke mufupi na mikono migumu. Kila asubuhi aliloweka mukono wangu kwenye maji ya vuguvugu na kuvuta kidole kimoja kimoja. Kovu lilipasuka, damu ikatoka. Nilimutukana. Nilimutukana kwa Kibembe, kumbe naye ni Mubembe, alisikia yote. Alivuta tu. Akishaondoka nilikuwa naficha mukono ndani ya blanketi na kuufunga, sababu ukifungwa hauumi. Vidole vikaanza kurudi ndani. Anyesi aliona. "Mama Wilondja," akasema, "unautaka mukono ama unataka ngumi?"

Kwenye baraza ya hospitali kulikuwa banaume babili bagonjwa. Rukundo alikuwa muchungaji wa ng'ombe wa Minembwe, kule milimani, mafupa ya muguu yamefungwa vyuma. Ebuela alikuwa muvuvi wa Baraka, na risasi ilimupita nyonga. Batu ba milimani na ba ziwani walikuwa wanauana, na hawa wangekutana njiani wakati ule, mumoja hangefika kwao. Pale walicheza pamoja. Walilaza mulango wa zamani juu ya mapipa, vifuniko vya bia vikawa baaskari, wakatupa dadu na kuwasogeza. Askari aliye nyuma ya nyumba hapigwi, ndiyo maana nyumba zilikuwa za lazima. Lakini nyumba zao zilikuwa makopo ya nyanya na maboksi ya dawa.

Nikawaambia, "Hizo nyumba gani? Hata kuku atakataa kuingia."

"Utengeneze zako basi," akasema Rukundo.

"Na mukono gani?"

"Naona iko mbili, mama."

Nilikasirika, na hasira ile ilinisaidia. Nilianza na mukono wa kushoto, karto ya boksi la dawa ikateleza. Ikabidi wa kuume ushike. Nililowesha karto, nikabandua karatasi ya juu kwa kucha, na ndani ikatokea mistari kama ya matole, yale mabati ya paa kabisa. Kila nilipobana, kovu lilichanika. Nyumba ya kwanza, Ebuela alisimamisha kifuniko mbele ya mulango wake akacheka, "Askari wako atalala nje." Mulango ulikuwa mufupi. Nikabomoa, nikaanza upya.

Halafu tukagombana juu ya nyumba za kuchagua. Ebuela alitaka za ziwani, za pembe nne na matole. Rukundo alitaka za milimani, za muviringo na majani. Mi nikatengeneza zote na kuziweka pamoja, mulango kwa mulango, kijiji kimoja. 

Lakini ziling'aa mno. Nyumba bila uzee ni ya uongo, na mi najua kuta. Nikakwangua kutu ya bati kuukuu ndani ya maji, nikaipaka kwa unyoya wa kuku kutoka juu kwenda chini, maana kutu inashuka na mvua. Masizi ya koroboi nikayatia upande wa jiko tu. Chini ya ukuta nikarushia matope mekundu kwa mswaki wa zamani, sababu mvua ikigonga udongo inaruka. Upande usioona jua nikausugua na jani bichi. Mwishoni nikapitisha vidole ukutani, mistari yangu. Ili kuiandika, ilibidi kidole kinyooke. Asubuhi ile Anyesi alifika na beseni lake la maji, akasimama nyuma yangu, halafu akarudi nalo bila kunigusa.

Siku moja Ebuela akasema, "Sasa tutengenezee zilizochomwa. Vita bila nyumba zilizoungua ni vita gani?"

"Hizo sitengenezi."

"Ni muchezo tu, mama."

"Basi mucheze. Mvua natia, kutu natia, moshi wa ugali natia. Moto wa batu sitii. Yangu ilichomwa, inatosha."

Alifikiri natania. Akawasha kiberiti, akakileta karibu na paa la majani, ile nyumba ya Rukundo. Uso wa Rukundo ulibadilika. Nikatandika mukono wangu wa kuume juu ya paa. Moto ukagusa ngozi ya paja, ngozi ile haisikii sana. Nikamwambia, "Choma basi. Anza na mi."

Kiberiti kikazimika. Ebuela aliinamisha kichwa akasema, "Unisamehe, mama. Na we pia, Rukundo." Hapo nikasikia Anyesi mulangoni: "Mama Wilondja, angalia mukono wako."

Nikaangalia. Kiganja kimelala bapa juu ya paa, vidole vimefunguka vyote, isipokuwa cha mwisho.  Anyesi alianza kulia, na mi nikamufuata.

Nilirudi Mboko. Asende alisimamisha miti mipya mahali palepale pa zamani, na mi nikapaka. Ukuta wangu sasa iko na mistari mitatu iliyonyooka na mumoja uliopinda. Mama mukwe akasema, "Huo mustari upake tena, batu watakucheka." Nikamwambia, "Uache. Batu bajue nani amepaka."

Namushukuru Mungu, Asende, munganga, na wale wendawazimu wawili wa barazani. Ninyi, moto ukimugusa mutu, mumwagie maji baridi na safi, maji mengi. Unga muuache kwa ugali. Na musimufunge ngumi hata akiwaomba, hata kama munamupenda. Mumutafutie kazi ya vidole, ile itakayomukasirisha.

Sasa we wa pale kitandani, leta mukono. Anyesi amezeeka, leo navuta mi. Itauma. Utukane kwa lugha yoyote unayotaka, hata Kibembe nasikia.