Mkono Uliopita Sikio

Usiku ule nilikuwa nimekula kunde nyingi, na mke wangu mpaka leo anasema ni kunde zile. Aseme. Kunde nimekula tangu utoto, hazijawahi kuniletea Mwalimu Zabroni, aliyekufa zamani, na kaptura yake ya kaki na chaki nyuma ya sikio.

Kwanza nieleze la mchana. Mjukuu wangu Tatu, wa darasa la saba, alimpelekea bibi yake madaftari yake yote ya hesabu ayachane, afungie karanga za kuuza. Mtihani ulikuwa umebakiza wiki mbili. "Siendi, Babu," akasema. "Kichwa changu hakishiki hesabu." Mimi nikacheka. Nikamwambia ninavyowaambia wote humu ndani: "Usijitese, mama. Ukoo wetu mkono haufiki."

Vijana hamlijui hilo la mkono. Enzi zetu, ukienda kuandikishwa shule, unapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa ushike sikio la kushoto. Ukifika, unaandikwa. Usipofika, Mwalimu Zabroni anakwambia, "Rudi nyumbani, njoo mwakani." Mimi nilirudishwa mara mbili. Wenzangu wakaniimbia njia nzima: "Mkono mfupi, akili fupi!" Nilipopokelewa nilikuwa nimeshajijua. Nikakaa nyuma kabisa. Nikiulizwa nanyamaza, hata jibu nikiwa nalo mdomoni. Darasa la tatu nikaacha, nikaenda kuchunga mbuzi wa mjomba, na mbuzi wale walikuwa na visa... lakini ya mbuzi tuyaache.

Sasa, katika ndoto nilijikuta kwenye foleni ile ile, uani mwa shule, jua linawaka, nami ni mzee hivi hivi na mvi zangu katikati ya watoto. Mwalimu Zabroni yuko mezani. Napeleka mkono. Haufiki. Najinyoosha, vidole vinaishia utosini.

"Tunapima nini hapa?" ananiuliza, taratibu.

"Akili, Mwalimu."

Anaweka kalamu chini. Ananitazama kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Umri," anasema. "Nani kwenu alikuwa na cheti cha kuzaliwa? Tulipima umri tu."

Nataka kumuuliza mbona hakusema siku ile. Sauti haitoki, lakini yeye amesikia.

"Nilidhani mnajua."

Mara si uani tena, ni jikoni kwangu, moshi unapanda, na foleni ni ya wajukuu wangu. Tatu yuko mbele, mkono juu ya kichwa, ncha ya kidole imelikaribia sikio, umebaki upana wa punje ya mchele. Aliyekaa mezani anamwambia, "Rudi. Haufiki." Namwangalia vizuri mtu yule. Amevaa koti langu, lile lililoungua mfukoni kwa kiko.

Mwalimu amesimama nyuma yangu. Nasikia harufu ya chaki.

"Na wewe," ananinong'oneza, "unampima nini?"

Nikazinduka nimeshika sikio la kushoto, mkono wote ganzi.

"Linauma?" mke wangu akauliza.

"Haliumi. Yale madaftari umeshayachana?"

"Wee mzee! Moja tu. Lala, kunde hizo."

Sikulala. Kulipokucha nikamkuta Tatu anafagia mbele ya nyumba, nikamwekea madaftari yake mikononi.

"Lile la ukoo nilikudanganya," nikasema. "Nilikuwa nasema kitu nisichokijua."

"Na sasa unakijua?"

"Kidogo. Hakuna aliyenipima akili mimi. Nilijipima mwenyewe, nikiwa mtoto, nikajipa sifuri. Na jana nikakugawia na wewe."

Akayafunua madaftari, akatafuta lililokosekana, akaguna. Nikaona sasa ataniambia nimechelewa. Wiki mbili ni chache, nami hesabu za kumsaidia sina. Akaegemeza ufagio ukutani, akaketi kizingitini, akafungua ukurasa wa kwanza. Kisha akanyanyua macho.

"Ila Babu, mkono wako ulikuwa mfupi kweli?"

Nikaweka fimbo chini, nikaupitisha juu ya kichwa. Ulipita sikio, ukashika kidevu.