Ubeti wa Gulandom

Muallima Savriniso alifundisha lugha miaka ishirini na miwili katika kijiji kimoja karibu na mji wa Panjakent, na kama kuna kitu alichojivunia ni baytbarak ya Ijumaa, mashindano ya kujibizana kwa beti. Watoto wa mtaa wa juu na wa mtaa wa chini walikuwa hawasalimiani, maana baba zao waligombania maji ya mfereji. Yeye akawachanganya, akawapanga pande mbili, na upande mmoja ukighani ubeti, wa pili hujibu kwa ubeti unaoanza na herufi ya mwisho ya ule wa kwanza. Mwaka haukuisha, wakawa wanaazimana vitabu.

Lakini kanuni ni kanuni: ubeti uwe wa mshairi anayejulikana. Na Ijumaa ile mkaguzi wa wilaya alikuwa ameketi nyuma ya darasa.

Herufi ikawa B. Zamu ikamwangukia Gulandom, binti wa miaka kumi na miwili, mkimya, ambaye baba yake alikuwa Urusi akijenga nyumba za watu. Akasimama.

"Baba ajenga ukuta, mji wa theluji kule;
wetu umeshaanguka, wangoja mjenzi yule."

Savriniso alijua papo hapo kwamba ameutunga mwenyewe. Alijua pia kwamba ulikuwa mzuri. Akamtupia jicho mkaguzi.

"Wa nani huo?"

"Wa... wa mshairi mmoja, muallima."

"Basi mshairi huyo bado hajazaliwa, mwanangu. Keti."

Mkaguzi akacheka, na darasa zima likacheka. Hata muallima alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomnyima usingizi baadaye.

Tangu siku hiyo watoto wakamwita Gulandom "Hajazaliwa." "Hajazaliwa, nipe kifutio!" "Sogea, Hajazaliwa!" Ijumaa tatu zikapita bila yeye kufungua mdomo. Muallima alimsuta kila aliyelitamka jina hilo, huku akijua fika kwamba yeye ndiye aliyelizaa. Wiki ya nne akashindwa kuvumilia. Akaamua kumwomba radhi, kisha achukue lile daftari alilozoea kumwona akiliandikia, asome ubeti ule na nyingine zote mbele ya darasa kwa jina la mtunzi wake.

Alipofika kwao alimkuta Robiya, mama wa binti, akitoa mikate tanurini.

"Karibu, muallima! Kuna nini? Ametukana mtu?"

"Hapana, dada. Mimi ndiye mwenye kosa." Akamgeukia Gulandom, akashindwa kumtazama usoni. "Nilikucheka, mwanangu, ili mgeni anione hodari. Nisamehe."

"Hakuna neno, muallima," akajibu Gulandom kwa adabu, akitandika kitambaa cha chakula.

"Lile daftari lako la beti, nipe nilisome Ijumaa. Darasa zima lisikie."

Gulandom akamtazama mama yake. Robiya akamega mkate, akauweka mbele ya mgeni.

"Daftari la bluu? Alinipa mwenyewe juzi, nikawashia tanuri. Alisema ni makaratasi tu." "Kwani lilikuwa na nini?"

Muallima akautazama ule mkate.

"Kula, muallima," akasema Gulandom. "Ungali moto."

Mkate uliomegwa kwa ajili yako haukataliwi. Savriniso akala, tonge baada ya tonge, na binti akamjazia chai.